T480 yangu ya zamani ao Yoga 9i ya kukunja? Munishauri, niko Bukavu

Asista_Ibanda

Jambo bandugu. Niko na swali ya ma-ordinatere na ningependa mutu mwenye ashatumika na hizi masini njo anijibu, hapana mwenye aliziona tu mu video. Mimi niko asista, nafundisha hesabu mwaka wa kwanza na wa pili, na pembeni natengenezaka karte na QGIS kwa balimaji ba kahawa kule Kalehe. Masini yenye niko nayo ni ThinkPad T480, nilinunua okazyo, RAM (kumbukumbu ya kazi) giga 8, SSD (mahali ya kuhifadhia) giga 256, ekra ile ya 1920 kwa 1080, haina pigo. Kazi inafanya lakini nikifungua karte yenye picha za satelite na Firefox iko wazi pembeni, inaanza kupumua kama mutu mwenye kupanda mulima wa Kadutu na mufuko wa simenti ku kichwa.

Sasa kuko mutu mu kartiye anauzisha Lenovo Yoga 9i ya inchi 14, ile ya 2022, nyembamba ajabu, ekra inazunguka mpaka nyuma inakuwa sawa tablete, na stilo yake iko mu karto. i7-1260P, RAM 16, ekra OLED (ile kila nukta inajiwakia taa yake). Anaomba dola 750, ao nimupatie T480 yangu na 550 juu. Kwangu hiyo haiko feza ya kucheza nayo. Kenye kinanivuta zaidi ni stilo, juu mu oditwari naandikaka demonstrasyo zote na chaki na benye kukaa nyuma habaoni kitu, nafikiri ningeandika ku ekra na projektere ionyeshe. Kenye kinaniogopesha ni umeme, munajua namna iko huku, na nikiharibisha ile masini nani atanitengenezea?

Nibadilishe ao nibakie?

Kadutu_Repare

Mudogo wangu, mbele ya yote angalia kama ile masini yako ni T480 kweli. Usicheke. T470 na T480 zinafanana sura, na bauzishaji benye kuandika T480 ku T470 biko. Angalia pembeni ya kushoto: T470 iko na tundu ya mstatili ya sharjere na USB-C moja, T480 haina ile ya mstatili, iko na USB-C mbili na inakula umeme kupitia hizo tu. Juu ya nini nasema hivi, juu Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa Intel inakubali kuanzia kizazi cha 8. Prosesa za T470 ni za kizazi cha 6 na cha 7, kwa Microsoft hizo ziko inje. i5-8250U ao 8350U ya mu T480 inapita bila kudanganya kitu. Na T470 ni kore mbili (sehemu za prosesa zenye kufanya kazi), T480 yenye prosesa hizo ni kore ine. Kama yako ni ile ya kweli, uko na kitu mukononi bado.

Kiisha, hii ya kupumua. Shida yako haiko prosesa, ni RAM. QGIS na picha za satelite mu RAM 8, ata uweke prosesa ya leo itateseka. T480 iko na nafasi mbili za RAM ya DDR4. Mara mingi zinafika huku na barete (kipande ya RAM) moja tu ya 8, ya pili iko wazi. Fungua kifuniko ya chini, angalia. Ukiongeza ya 16 pale unakuwa na 24, na ile ya zamani hauitupe. Ukiweka mbili za 16 ni 32, na hapo unamupita ule wa Yoga mara mbili. Ule wa Yoga RAM yake imelehemewa ku karte-mere (ile bodi kubwa ya ndani), 16 njo 16 mpaka kufa kwake. SSD yake utabadilisha, hiyo inatoka, lakini RAM hapana.

Tena T480 kama nafasi ya modemu ya karte-sim iko wazi mule ndani, unaweza kuingiza SSD ya pili ile fupi ya 2242. Nafanyiaka batu hiyo kazi, Windows ku moja, karte na picha ku ingine.

Klaviye: ile ya T480 natoa na turnevisi moja. Mu hizi nyembamba klaviye imeshikamana na kifuniko chote ya juu, kumwangia chai pale unalipa nusu ya masini. Ekra OLED ya kugusa ikipasuka, mimi nitakuambia tu pole, juu kipande kinatoka inje na bei yake inakaribia masini nzima ya okazyo. Sikatai ni masini nzuri. Lakini kwa mutu wa Bukavu mwenye iko na masini moja tu ya kula nayo, mi sibadilishe.

MamaNguba

Bafundi bote banaimbaka wimbo moja, kama hawawezi kufungua basi ni mbaya 😄

Mimi niko na Yoga ya hiyo hiyo familia, natumika nayo mu kazi ya tafsiri na fakture, na kabla ya hapo nilikuwa na ThinkPad ya plastiki kama yako. Tofauti ya kwanza yenye utasikia haiko mu prosesa, ni ekra. Ile yako ni 16 kwa 9, hii ni 16 kwa 10, urefu wa kusoma umeongezeka na kama ni ile OLED ya 2880 kwa 1800 maandishi ni makali sawa kitabu. Mutu mwenye kusoma ma-memware ya banafunzi usiku anaelewa nasema nini. Na T480 kama ulibahatika kupata ekra ya IPS, mwangaza wake ni niti 250 hivi, ukikaa barza muchana unatafuta kiivuli. OLED ya Yoga inafika 400. Inang'aa kama kioo lakini, hiyo nakubali, unajiona sura wakati unaandika.

Tofauti ya pili ni kubeba. Kilo 1.4 na unene milimita 15, yako inakaribia kilo 1.6 na unene wa milimita 20. Ku karatasi ni kidogo, ku bega kutoka Nguba mpaka Nyawera na mvua haiko kidogo.

Stilo sasa. Inaandika vizuri sana, ukiweka mukono ku ekra haiharibishi mistari, unaweza kufuta na kuandika tena. Nakuambia kitu kimoja tu: ku ile ya 2022 stilo haina shimo ya kuingia ndani ya masini, inabakia inje, na nyumba yenye kuwa na batoto stilo inapotea. Ya 2020 na 2021 zilikuwa na shimo, hii walitoa. Na usisahau kuiweka umeme nayo.

Kuhusu prosesa fundi amepita haraka. i7-1260P ni kore 12, ine kubwa na munane ndogo. Ukikata karte kubwa ao ukitoa PDF ya kurasa mingi, tofauti utaiona, ata uweke RAM 32 mu ile ingine.

Kadutu_Repare

Sikupita haraka mama, nilijua utaleta hiyo. Kore 12 ndiyo, lakini ile prosesa iliwekewa wati 28 za kawaida na ya T480 ni 15. Weka hiyo moto yote mu mwili wa milimita 15, vantilatere itaimba. Vumbi yetu ya saizo kavu ikiingia mule, miaka miwili inatosha iletwe kwangu. T480 nayo inakula vumbi, ila kusafisha ni kazi ya kahawa moja.

MamaNguba

Ya kwangu haijakufikia bado.

Pwani_ya_Ruzizi

Uza zote mbili ununue mbuzi, inazaa bila Windows

Asista_Ibanda

Aksanti sana yaya na mama. Nimegeuza masini, haina tundu ya mstatili, USB-C ni mbili, na mu Windows banaandika i5-8350U. Basi ni T480 ya kweli. Nimefungua chini na turnevisi ya jirani: barete moja, nafasi ya pili wazi kama vile fundi alisema. Nimefurahi kidogo na nimekasirika kidogo, nilikuwa nateseka na nafasi iko pale tupu.

Lakini hamujanijibu ya umeme. Kwangu unaweza kuenda asubui urudi usiku. Batri ya inje ya T480 inashika bado vizuri, ile ya ndani imechoka. Yoga muzishaji anasema inafika saa kumi, mi siamini.

Essence_Solaire

Hapa nitaingia mimi juu hii njo kazi yangu.

Saa kumi haina maana, uliza wati-saa, ni kusema umeme kiasi gani batri inabeba. Yoga 9i ya 2022 ilitoka na batri ya wati-saa 75, moja, imefungwa ndani. T480 ina batri mbili: ya ndani ni 24, ya nyuma yenye kutoka iko aina tatu, 24 ao 48 ao 72. Donke ukiwa na ile kubwa unafika 96, unapita Yoga. Na T480 unatoa batri ya nyuma unaweka ingine bila kuzima masini, juu ile ya ndani inashika wakati unabadilisha. Ila ile ya ndani isiwe imekufa kabisa! Ya kwako imechoka, usijaribu wakati karte haijahifadhiwa. Kununua batri ya ndani mpya na ya nyuma ya 72 itakukatia dola kidogo sana kuliko 550.

Sasa hesabu, wewe ni mwalimu wa hesabu hautachoka. Kuandika na kusoma tu, tufanye masini inakula wati 10. 75 gawa kwa 10 ni saa saba na nusu, na hiyo ni batri mpya. Yoga ya 2022 iko na miaka yake, batri haiko tena 75. Ukianza QGIS inakula mara mbili ao tatu. OLED nayo iko na tabia yake: mahali peusi haitumii kitu, mahali peupe inakula. Ukurasa mweupe wa Word siku nzima ni mahali pabaya zaidi kwake. Weka rangi nyeusi ku programu zote kama unachukua hiyo.

Lakini ya maana zaidi kwa mutu wa huku ni hii: zote mbili zinakula kwa USB-C. Batu bengi mu Bukavu biko na paneli ndogo na batri ya volti 12, kiisha banaweka onduleri inageuza 12 kuwa 220, kiisha sharjere inageuza 220 kuwa 20. Unapoteza mara mbili, na onduleri yenyewe inakula ata kama haujachomeka kitu. Tafuta sharjere ya gari ya USB-C yenye Power Delivery na yenye kutoa volti 20, wati 65, unaifunga ku batri ya 12 moja kwa moja na fizibo yake pale kati. T480 inakubali ata wati 45. Zile za dola tatu zenye kuandikwa «fast» hazifikaki volti 20, masini itakuangalia tu. Na kable: kable ya kawaida ya USB-C inapita ampe 3, ni kusema wati 60. Kupita pale inahitaji kable ya ampe 5 yenye chipi ndani. Batu banalaumu sharjere wakati kable njo inafunga mulango.

Powerbank nayo: yenye kuandikwa 20,000 mAh ni wati-saa 74, unazidisha 20 na 3.7. Toa ya kupotea njiani, haitajaza Yoga yote, itajaza T480 ya batri ndogo vizuri. Na iwe ya Power Delivery, hapana ile ya telefone tu.

Donke kwa umeme sioni sababu ya kubadilisha. Sababu kama iko ni stilo.

Prof_wa_Kadutu

Ya stilo nitasema mimi, nafundishaka fizike na nilishapita hiyo njia.

Asista, kuko njia ya tatu yenye hamujataja: tablete ya kuchora ya USB, ile ya Wacom ndogo isiyo na ekra ao zingine za aina yake, unachomeka ku T480 na unaandika na stilo yake isiyo na batri. Bei haikaribii 550 hata kidogo. Ubaya wake unaandika mukono uko ku meza na macho iko ku ekra, siku za kwanza herufi zako zitakuwa za mutoto wa darasa la kwanza. Kiisha mukono unazoea. Alama ya integrale inatoka, endisi zinabakia ndogo mahali pake. Faida yake kubwa: masini inabakia ku meza, wewe unatembea na tablete mpaka kable inapofika, unaangalia banafunzi ku uso. Na Yoga utainama juu ya ekra, mugongo inauma na hauoni mwenye kulala pale nyuma.

Mama Nguba atasema kuandika moja kwa moja ku ekra ni kutamu zaidi na ni kweli, kwa kukorije kopi na ma-memware Yoga inashinda mbali. Uliza moyo wako ni kazi gani unafanya zaidi, kukorije ao kufundisha.

Ingine: projektere. Mu oditwari nyingi zetu ile projektere ni ya VGA, zenye bahati ziko na HDMI. T480 iko na HDMI yake, na adapta moja ndogo unafika VGA. Yoga 9i ya 2022 ni USB-C tatu na USB kubwa moja, HDMI haina. Lazima ubebe adapta, na siku umeisahau nyumbani somo imekufa. T480 ina nafasi ya karte SD pia, na tundu ya kable ya intaneti. Hivi vitu batu banaviona takataka mpaka siku wanavihitaji.

MamaNguba

Profa nakubali ya HDMI, mi mwenyewe adapta inalalaka mu sakoshi. Lakini ile ya tablete isiyo na ekra mi ilinishinda, kila mutu na mukono yake.

Asista_Ibanda

Profa, hiyo ya tablete ya kuchora sikuifikiria kabisa. Nafanya zote mbili, kukorije na kufundisha, lakini ukiniuliza kenye kinaumiza zaidi ni oditwari.

Bado niko na kishawishi ya ile ekra lakini. Tuseme nabakia na moyo wa Yoga, naangalia nini mbele ya kutoa feza? Muuzishaji anasema batri «iko mpya».

Kadutu_Repare

Mpya ya masini ya 2022 haiko, kama hakubadilisha. Fungua ile dirisha nyeusi ya komandi, andika powercfg /batteryreport, Windows itakutengenezea ripoti. Mule kuko namba mbili: kiasi batri ilizaliwa nacho na kiasi inashika leo. Kama ya kwanza ni 75 na ya pili iko 50, unapunguza bei papo hapo ao unaenda zako.

Ekra: weka picha ya kijivu tupu ekra yote, zima taa ya chumba. OLED yenye ilikaa na alama ileile mingi, kama ule mustari wa chini wa Windows, inaachaga kivuli chake. Ukiona kivuli, basi. Kunja ekra mpaka nyuma, rudisha, kunja tena, sikiliza pale inapokunjia kama inalia ao inacheza. Ku hiyo Yoga ma-spika iko ndani ya ile sharniyere ya katikati, piga muziki wakati umeikunja kila namna, usikie kama inakwaruza. Chomeka sharjere ku kila tundu ya USB-C moja moja, hapana moja tu. Andika na stilo mistari ya kuvuka ekra yote polepole, mahali mustari unakatika pale kuko shida. Na angalia klaviye, zenye kutoka Dubai mingi ni QWERTY, wewe unaandika Kifaransa na ma-aksa, utateseka ama utabandika vibandiko.

Na ku T480 yako kabla haujafanya kitu ingine chochote: ingia mu tovuti ya Lenovo uchukue miziki mipya ya firmweya (programu ndogo ya ndani ya masini) ya Thunderbolt, ile USB-C ya mbio, na ya BIOS, ile yenye kuwasha masini. Zile masini za 2018 zilikuwa na kasoro mu firmweya ya Thunderbolt, ile USB-C inaweza kufa polepole, Lenovo walitoa dawa yake miaka mingi. Kama haijawekwa, weka leo wakati USB-C bado inafanya kazi, juu kwa T480 hiyo njo mulango ya umeme, ikifa masini imekufa na njaa.

Essence_Solaire

Miziki mipya 😂 mizigo ya firmweya, ao?

Kadutu_Repare

Telefone inanirekebisha. Matoleo mapya, umeelewa.

Asista_Ibanda

Nimeenda kwa muuzishaji leo. Stilo inaandika kweli vizuri, sitadanganya. Lakini nilipomuomba nifungue ile ripoti ya batri akasema nilipe kwanza dola 100 ya avansi njo anipe kodi ya kufungua masini. Nikamuambia afungue yeye mwenyewe mbele yangu, akasema kodi iko na mukubwa wake kule Goma.

MamaNguba

Toka pale. Mutu mwenye anauzisha masini na hana kodi yake, ile masini haiko yake. Na mi ndiye nilikuwa nakusukuma uchukue Yoga.

Prof_wa_Kadutu

Ata kama ni yake, kama ile masini imefungwa ku BIOS na kodi ya kuwasha ya mutu mwingine, utabakia na kipande ya aluminiyo.

Asista_Ibanda

Nimetoka. Fundi, barete ya 16 ya DDR4 uko nayo pale kwako ao nitafute Kamembe?

Kadutu_Repare

Iko moja ya mwendo wa 2400 MHz, kuja na masini kesho mbele ya saa ine, umeme ukiwa haujaenda. Leta na batri zote mbili nizipime.